Wapigaji Wanane wa Saa Saba

Watu wa Isansa si wabaya, ila midomo yao haina kufuli. Kwa miaka saba walimwona Lwitiko Haonga akisimama mbele ya mlango wake kila Jumapili saa saba mchana, kavaa koti lake la kanisani, kashika kijiti cha mti wa kahawa, akiongoza bendi isiyokuwapo. Aliinua mkono, akaushusha, akaupeleka kushoto, huyu akampa zamu, yule akamtuliza kwa kiganja. Na mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo la taka, migomba minne, kisha bonde. Wakamwita Mwalimu wa Upepo. Wale waliojiona wana adabu zaidi walisema tu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," wakacheka, wakaenda zao kilabuni.

Asiyejua chanzo ana haki ya kucheka. Chanzo chenyewe ni hiki.

Lwitiko alipelekwa Mbozi Mission akiwa kijana, kabla ya vita vya Hitla, akajifunze useremala. Alirudi kwao na randa moja, msumeno mmoja, na tarumbeta iliyobonyea shingoni. Randa na msumeno vilimlisha. Tarumbeta ndiyo iliyompa jina. Aliwafundisha wenzake mmoja mmoja, kwa vyombo vikuukuu vilivyoachwa na wamisionari, hadi wakawa tisa, yeye na wenzake wanane. Walipiga harusini, walipiga mazishini, walipiga alfajiri ya Pasaka makaburini. Uhuru ulipokuja, mwaka wa sitini na moja, wao ndio waliopiga uwanjani Vwawa. Besi ya Tulinagwe, mmoja wa wale wanane, ilikuwa na tundu, akaliziba kwa nta ya nyuki. Jua likawaka, nta ikayeyuka, na taifa likaanza safari yake kwa mluzi. Walilicheka jambo hilo miaka mingi.

Mwaka wa sitini na sita, mpini wa mashine ya kumenyea kahawa ulimponyoka Lwitiko mkononi ukamrudia usoni, ukaondoka na meno manne ya mbele. Mtu asiye na meno ya mbele hapigi tarumbeta. Pumzi inatoka ovyo na mdomo hauna pa kujiegemeza. Lwitiko alikaa ndani wiki mbili, hataki kuonana na mtu. Aliyemtoa ni mkewe, Tabita. "Mume wangu," alimwambia, "yaliyotoka ni meno. Masikio unayo, na mikono unayo." Basi akampa mtu mwingine sauti ya kwanza, akakata kijiti cha mkahawa, akasimama mbele ya wenzake bila chombo. Hapo akajifunza kazi ambayo kule kwao haijapata kuonekana: kuwa yeye peke yake asiyetoa sauti kati ya watu wanaopiga.

Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyoipenda tarumbeta. Akatunga wimbo wa mavuno wa beti nne. Ubeti wa tatu aliuacha uwe wa besi peke yake, maana Tulinagwe hakuisha kunung'unika kwamba mpiga besi ni punda wa bendi, anabeba mizigo ya wenzake na hakuna anayemsifu. "Haya," Lwitiko alimwambia, "ubeti wa tatu ni wako. Sisi wote tutanyamaza tukuhesabie." Tulinagwe, mtu mzima mwenye watoto watano, alilia mbele za watu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni Vijiji. Umoja ni nguvu, viongozi walisema, na ili wawe wamoja ilibidi watawanywe. Kila kaya ilipangiwa kijiji chake. Lwitiko na Tabita walipelekwa Isansa. Lusungu, mpiga sauti ya pili, alibahatika kupangiwa ng'ambo ya bonde lile lile. Tulinagwe alipelekwa Ihanda, mwendo wa nusu siku kwa mguu. Ishaka, mpiga teno, alikwenda mbali kabisa, karibu na Tunduma. Wengine watano walitupwa huku na huku, hata wawili wao hawakupata kukaa kijiji kimoja.

Siku ya mwisho walikutana penye mashine ya kahawa, mizigo imekwisha fungwa. Hakuna aliyepiga. Lwitiko akawaambia, "Kila kijiji kitakuwa na redio, hata kama ni moja dukani. Jumapili, ngoma ya taarifa ya habari ya saa saba ikilia, kila mtu atoke nje popote alipo, apige sauti yake, beti zote nne. Mimi nitakuwa mlangoni kwangu naongoza."

"Tutakuonaje, mwalimu?" Lusungu akauliza.

"Mmeniona miaka minane. Kama bado hamjaujua mkono wangu, hata nikiwakalia mabegani hamtaujua."

Wakacheka, wakaahidi, wakaachana.

Basi ndivyo ilivyoanza. Kutoka ng'ambo ya bonde Lwitiko alimsikia Lusungu, vizuri upepo ukiwa upande wake, vibaya ukiwa kinyume. Wengine saba hakuwasikia, wala hakutegemea kuwasikia. Na sauti ya pili ikipigwa peke yake si wimbo. Ni kama kumsikia mtu anaitikia salamu ambayo wewe hukuisikia. Lakini Lwitiko aliusikia wimbo mzima. Aliujaza mwenyewe kichwani, kila mtu na sauti yake, kila mtu na kosa lake la siku zote. Ubeti wa tatu ulipofika, Lusungu alinyamaza kama wimbo unavyotaka, na hapo Lwitiko aligeuka upande wa Ihanda, akafungua kiganja cha kushoto, akampa Tulinagwe zamu. Bonde lote likawa kimya. Yeye akaendelea kupiga mapigo hewani mpaka ubeti ukaisha.

Tabita hukaa kwenye kigoda pembeni akimtazama. Akimaliza, mkewe humuuliza, "Wote walikuwapo?"

"Wote."

"Basi njoo ule."

Alikutana na wapigaji wake mara chache, mmoja mmoja, kwenye foleni ya kuuzia kahawa au njiani wakienda kutibiwa. Aliwauliza swali moja tu: "Unapiga?" Na kila mmoja akajibu, "Napiga, mwalimu." Mpiga tarumbeta wa kweli huwa na alama ya mduara mdomoni, na jicho la fundi huiona hata kwa mbali. Lwitiko aliijua alama hiyo kuliko mtu yeyote. Katika miaka saba hakuwahi kuwatazama midomo. Aliwatazama macho, akafurahi, akaagana nao.

Tabita alifariki mwaka wa sabini na tisa, katikati ya masika, barabara zote zimekatika. Walimzika kesho yake, na habari zilichukua mwezi kuwafikia wengine. Walikuja kutoa pole mmoja mmoja, bila vyombo; Ishaka tu ndiye hakuonekana, wakasema Tunduma ni mbali. Kaburini alipiga Lusungu peke yake, sauti ya pili tupu. Jumapili iliyofuata Lwitiko aliongoza kama kawaida, akamaliza, akabaki amesimama akingoja kuulizwa kama wote walikuwapo. Hakuna aliyeuliza. Akaingia ndani akala ugali wa jana. Tangu hapo upweke wake haukuwa wa bendi tu, ulikuwa wa nyumba nzima.

Mwaka wa themanini na moja, zilipobaki wiki chache sherehe za miaka ishirini ya Uhuru zifike, gari la serikali lilisimama mbele ya migomba. Ilikuwa Jumapili, saa saba kasoro kidogo. Wakashuka watu wawili. Mmoja alikuwa Ramadhan, afisa utamaduni, mtu wa Tanga mwenye maneno laini, aliyewahi kusomeshwa Korea miaka miwili. Wa pili alikuwa Mkorea mwenyewe, mzee mwembamba aliyevaa suti ya kijivu iliyofungwa vifungo mpaka kooni. Aliitwa Bwana Yun. Alikuwa ameletwa kufundisha watoto wa shule halaiki na ngoma za gwaride, na walikuwa wakitafuta vyombo vya zamani. Kumbe walikuwa wameambiwa kwamba Isansa kuna mwendawazimu mwenye matarumbeta.

"Shikamoo mzee," alisema Ramadhan.

"Marahaba. Ngojeni kidogo. Muda umefika."

Redio ya dukani ilikuwa imekosa betri miezi mingi, kama redio zote za nchi siku zile, lakini Lwitiko alikuwa na kivuli cha mwimo wa mlango kilichogusa jiwe fulani ikifika saa saba. Kivuli kikagusa. Akainua kijiti. Ng'ambo ya bonde Lusungu akaanza. Ramadhan aliziba mdomo kwa leso asionekane anacheka. Bwana Yun hakucheka. Alisogea hatua tatu, akasimama nyuma ya Lwitiko, akainamisha kichwa.

Walipofika ubeti wa tatu, Lusungu akanyamaza, kimya kikaja, na kiganja cha Lwitiko kikafunguka upande wa Ihanda. Mkorea yule, ambaye hajapata kuusikia wimbo huo maishani, aliinua kidole chake akaanza kukishusha taratibu, pigo kwa pigo, chini kabisa, mahali pale pale besi ilipotakiwa kupita. Lwitiko alimwona kwa pembe ya jicho. Tangu Tabita afe hakuna mtu mwingine aliyesimama pale akasikia kisichosikika.

Walikaa kwenye benchi. Lwitiko alieleza habari ya wanane, Ramadhan akatafsiri, na sasa hakucheka tena. Kisha Bwana Yun akaeleza yake. Alizaliwa kusini mwa nchi yake, mtoto wa fundi viatu. Alijifunza muziki kwa kusimama nje ya dirisha la shule ya matajiri, miaka miwili, mpaka mwalimu mmoja akachoka kumfukuza akamkaribisha ndani. Akiwa na miaka ishirini na saba alikuwa anaongoza okestra ya watu sitini na wanne. Mkewe alipiga fidla katika safu ya pili. Wakaandaa muziki mmoja mrefu kwa miezi mitano, na siku tatu kabla ya kuupiga mbele za watu, vita vikaja vikawatawanya. Vita vilipokwisha, yeye alijikuta upande mmoja wa mstari na wao upande wa pili, na mstari wenyewe hauvukwi. Huko alikobaki alipewa okestra nyingine, akaiongoza miaka mingi, akapata nishani. Baadaye akatumwa nchi za mbali kufundisha watoto ngoma.

"Hajasema kwa nini aliiacha okestra ya pili," Ramadhan aliongeza kwa sauti ya chini, "na mimi simuulizi."

Bwana Yun aliendelea kusema, akitazama bonde. Kila mwaka, tarehe ile ambayo wangepiga, hujifungia chumbani akauongoza muziki ule wote, dakika arobaini, kila mtu na kiti chake.

"Na wao wanapiga?" Lwitiko akauliza.

Ramadhan akatafsiri, akasubiri, akarudisha jibu. "Anasema hajui. Miaka thelathini na moja hajapata hata barua. Anasema wewe una bahati, mzee. Unaye mmoja unayemsikia."

Wazo la kuwakusanya wanane lilikuwa la Bwana Yun. Gari lipo, petroli ya sherehe ipo. Wapigaji waletwe Vwawa, wapige wimbo wao siku ya Uhuru. Alilisema kwa haraka kama mtu mwenye njaa, na Lwitiko akaelewa kwamba mgeni huyu hatafuti bendi. Anataka kujua. Kama watu wa Lwitiko wamekaa mbali miaka saba na wanapiga bado, basi huenda na wake. Lwitiko alipaswa kukataa hapo hapo. Moyoni alijua kuna jambo ambalo kwa miaka saba alikuwa amelikwepa kulitazama. Lakini mtu aliyekaa peke yake muda mrefu akipewa mwenzake wa kukaa naye benchi, akili humtoka. Akasema, "Haya."

Walianza na Ishaka, mpiga teno, kwa kuwa ndiye wa mbali. Walimkuta mkewe, Ferista, anapalilia maharage. Alifuta mikono kwenye kanga akamtazama Lwitiko kwa huruma.

"Mwalimu, Ishaka tulimzika mwaka wa sabini na nane. Nilituma salamu kwa watu wa lori. Kumbe hazikufika."

Lwitiko akaketi juu ya tuta. Miaka mitatu alikuwa akimpa marehemu zamu kila Jumapili, na kila Jumapili akimsikia anaingia vizuri. Ferista alimtolea tarumbeta ya mumewe, imefungwa kwenye gunia, safi kabisa. Akaipokea. Akampa pole, nayo ilitoka imechelewa.

Tunduma ilikuwa karibu, na Bwana Yun akaomba kuuona mpaka. Walisimama penye kizuizi. Watu walikuwa wakipita. Mama mmoja alikuja na kikapu kitupu kichwani, akasalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," akapenya kando ya kizuizi akaenda zake.

"Ile ng'ambo ni nchi nyingine?" Bwana Yun akauliza.

"Ndiyo," Ramadhan akajibu. "Zambia ile."

"Na yule mama anakwenda wapi?"

"Kutafuta sabuni. Kwetu sabuni imeadimika."

"Atarudi lini?"

"Sasa hivi, mboga iko jikoni."

Bwana Yun aliuliza swali lile la mwisho mara tatu, na mara tatu Ramadhan akalijibu vile vile. Kisha akachuchumaa kando ya barabara na suti yake ya kijivu, akangoja. Baada ya muda mama alirudi na vipande viwili vya sabuni kikapuni, akampita. Mkorea alifunika uso kwa mikono. Lwitiko hakuhitaji mkalimani. Alimshika bega akabaki hivyo, na dereva akazima injini bila kuambiwa.

Wapigaji saba walikusanyika Vwawa siku ya Jumatano, katika darasa moja lililokopwa. Walikumbatiana, wakataniana mvi, wakaulizana watoto. Kisha wakafungua magunia, na kila mtu akaanza kutazama sakafu. Tarumbeta moja ilikuwa na kiota cha nyigu. Nyingine ilinuka mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa ameigeuza funeli ya kumiminia. Lwitiko aliwapanga, akainua kijiti.

Aliyosikia hapo hakupenda kuyasimulia hata uzeeni. Pumzi zilikatika, sauti zilikwaruza. Midomo ilikuwa imelainika kama ya watoto. Katikati ya fujo ile sauti mbili tu zilisimama wima, ya pili na ya besi. Akashusha mkono kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Bwana Yun alipita mbele yao mmoja mmoja, akiwatazama midomo. Kwa Lusungu alisimama. Kwa Tulinagwe alisimama muda mrefu zaidi. Kwenye mdomo wa Tulinagwe alama ya mduara ilikuwa imekoza kama chapa ya ng'ombe. Kisha akamgeukia Lwitiko, akamwonyesha vidole viwili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya hawa ilikuwa imechukua miaka saba, lakini iliishia hapo.

Mzee mmoja alianza kusema, "Mwalimu, tulidhani wenzetu wanapiga..." akashindwa kumaliza. Hakuwa peke yake. Kila mmoja alikuwa ameacha kwa wakati wake, huyu mwaka wa kwanza, yule wa tatu, akijipa moyo kwamba mtu mmoja hapungui kitu, wengine wapo. Na hawakusema kwa sababu hawakutaka kuwavunja wenzao moyo.

Lwitiko aliona aibu kuliko wao. Wao walisema uongo mara moja moja kwenye foleni ya kahawa. Yeye aliwapigia mapigo kila juma, huku akikwepa kuwatazama midomo. Akamtazama Tulinagwe. "Wewe hakuna aliyekusikia hata siku moja," alimwambia. "Ihanda ni mbali."

"Najua, mwalimu."

"Basi?"

Tulinagwe alikuna kichwa. "Ubeti wa tatu ni wangu. Nisingepiga, mngekaa kimya mnahesabu nini?"

Hawakupiga siku ya Uhuru. Watoto wa shule walipiga ngoma zao vizuri, wakashangiliwa. Kabla ya kuondoka Bwana Yun alikuja Isansa kuaga. Lwitiko alitaka kumwomba radhi, maana alijua mgeni alikuwa ameweka tumaini lake lote katika gari lile. Lakini Mkorea alikuwa ametulia. Alichora kwa kidole kwenye vumbi, akasema kitu, Ramadhan akatafsiri.

"Anasema wako wawili katika wanane. Wake walikuwa sitini na wanne. Kwa hiyo ni kumi na sita. Anasema kumi na sita wanatosha."

Akainama sana, kama wanavyoinama kwao, akapanda gari. Hawakuonana tena, wala hawakuandikiana.

Huo ukawa mwisho wa habari za Bwana Yun, lakini Lwitiko alibaki na hesabu yake. Jumapili ya kwanza alisimama mlangoni, kivuli kikagusa jiwe, Lusungu akapiga. Ubeti wa tatu ulipofika alifungua kiganja upande wa Ihanda, na shaka ikamwingia kifuani. Zamani Tulinagwe alipiga akidhani wako wanane. Sasa amejua. Atapigaje? Nani apige besi kwa ajili ya mtu mmoja aliye mwendo wa nusu siku? Jumapili ikafuata Jumapili, na ubeti wa tatu ukawa mrefu kuliko beti zote. Miaka saba kimya kile kilikuwa cha Tulinagwe. Sasa hakujua ni cha nani, na hilo lilimnyima usingizi kuliko kifo cha Ishaka.

Mwishowe, baada ya mavuno ya mwaka wa themanini na mbili, hakuweza kuvumilia tena. Jumapili moja aliondoka kungali na umande, na koti lake la kanisani, bila kumwambia mtu. Alipita Vwawa watu wakienda ibadani. Miguu ilimuuma, akakata fimbo ya kujikongojea. Alipoingia Ihanda aliulizia nyumba, akaelekezwa, lakini hakwenda mlangoni. Alizunguka kwa nyuma akasimama kati ya miti ya kahawa.

Uani palikuwa na kigingi kimechomekwa ardhini, na kando yake jiwe. Ihanda nako hakukuwa na betri. Kivuli cha kigingi kikakaribia jiwe, mlango ukafunguka, Tulinagwe akatoka na besi yake, amevaa koti. Hakutazama kulia wala kushoto. Alisimama akielekea Isansa, akafumba macho, akainua besi mdomoni.

Lwitiko alimsikia beti mbili za kwanza, punda akibeba mizigo ya watu ambao hawapo, akiacha nafasi pale ambapo Ishaka angeingia, akivuta kidogo pale ambapo sauti ya kwanza ilikuwa na desturi ya kuchelewa. Machozi yalimtoka, naye akayaacha. Alitaka kutoka mikahawani akaseme, "Nipo hapa, nimekusikia." Akainua mguu.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Tulinagwe alikuwa ameelekea Isansa. Alikuwa akimpigia mtu aliyesimama mlangoni na kijiti, na leo mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ng'ambo ya bonde Lusungu naye alikuwa anapiga saa hiyo hiyo, kwa nyumba tupu. Akijitokeza sasa, Tulinagwe atafurahi, atachinja kuku. Na Jumapili ijayo, akielekea Isansa, atajiuliza kama mwalimu yupo. Lwitiko aliijua shaka hiyo. Alikuwa amelala nayo karibu mwaka mzima, wala asingempa rafiki.

Akaurudisha mguu. Ubeti wa tatu ulikuwa unafika. Tulinagwe alivuta pumzi, kikohozi kikamshika, akachelewa. Pale kati ya mikahawa, nyuma ya mgongo wa mpigaji wake, Lwitiko alikuwa amekwisha inua mkono. Akausimamisha hewani, akangoja. Kikohozi kikapita. Akafungua kiganja, na besi ikaingia. Aliongoza mpaka ubeti wa nne ukaisha, kisha akageuka akashika njia ya kurudi, tumbo tupu. Kwenye mlango wake wa kamba alifika giza limeingia, akalala na viatu.

Miezi kadhaa baadaye walikutana kwenye foleni ya kahawa. Tulinagwe alikuwa amezeeka, anatembea ameinama upande mmoja. Walisalimiana, wakaulizana hali. Lwitiko hakumuuliza kama anapiga. Tulinagwe ndiye aliyeanza, huku akitazama gunia lake.

"Mwalimu, kuna Jumapili moja baada ya mavuno nilichelewa kuingia ubeti wa tatu. Kikohozi. Imeniuma tangu siku ile."

"Niliona," Lwitiko akasema. "Nilikungoja."

Tulinagwe akashusha pumzi, akaitikia kwa kichwa, foleni ikasogea.